Krisi, barongi au kampilani: uanze na upanga upi wa Wamoro?

Silaha nyingi za kale za Wamoro haziko tena kusini mwa Ufilipino zilikofuliwa. Zimo kwenye masanduku ya nyumba za Marekani, ambako babu aliyewahi kuwa askari alizileta kama ukumbusho, na kwenye kabati za makumbusho ya Chicago, New York na Madrid. Mwenye sanduku akifariki na wajukuu wakauza vitu vyake, moja au mbili huibukia mnadani. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili anayeishi Minnesota au Rotterdam ana nafasi nzuri ya kukutana nazo, pengine bila kujua anachotazama.

Anayeanza kukusanya hupewa majina mengi kwa mpigo, ilhali mfuko wake kwa kawaida unaruhusu upanga mmoja tu. Tatu ndizo atakazowekewa mbele mara nyingi zaidi: krisi, barongi na kampilani. Msimamo wangu nautoa mapema. Anayetaka kujifunza kusoma umri wa chuma aanze na krisi. Anayetaka silaha iliyokuwa ikivaliwa kiunoni kila siku, tena inayopatikana bila kungoja miaka, achukue barongi. Kampilani aiache mpaka awe ameshika na kuchunguza nyingine kadhaa. Hapa chini naeleza kwa nini, na sitazipa zote tatu nafasi sawa, kwa sababu hazina mambo sawa ya kueleza.

Kwanza, Wamoro ni nani. Ni jina la pamoja la jamii za Kiislamu za Mindanao, Sulu na Palawan: Watausugi, Wamagindanao, Wamaranao, Wayakani, Wasama, Wairanuni na wengine. Jina lenyewe walipewa na Waspania, waliowafananisha na Waislamu wa Afrika Kaskazini waliopigana nao kwao. Lilianza kama jina la adui, leo wenyewe wanalibeba kwa fahari, na mamlaka yao ya ndani iliyoundwa mwaka 2019 inaitwa Bangsamoro. Hili lina maana kwa mkusanyaji: hakuna "upanga wa Wamoro" mmoja. Barongi ni ya visiwani, Sulu na Basilan. Kampilani ni ya Mindanao bara, kwa Wamagindanao, Wamaranao na Wairanuni. Krisi peke yake ndiyo iliyovaliwa karibu kila mahali, na ndiyo maana ina sura nyingi.

Krisi: shingo ndiyo inayosema

Krisi ni upanga wa makali mawili, mpana shingoni, unaochongoka taratibu hadi nchani. Watausugi huuita kalis, Wamagindanao sundang. Wengi wetu tumemjua kwanza ndugu yake wa Java, ule mwembamba wa kuchomea ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Krisi ya Wamoro ilikua ikawa upanga kamili wa kukatia. Bapa lake aghalabu lina sentimita 45 hadi 65, ni zito, na mzizi wake unaoingia mpinini una pembe nne ili lisizunguke mkononi wakati wa pigo.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kupenda mawimbi. Wanadhani krisi isiyojipinda kama nyoka imepungukiwa. Sivyo. Kuna krisi zenye mawimbi kuanzia shingoni hadi nchani, kuna zenye mawimbi nusu ya kwanza kisha zikanyooka, na kuna zilizonyooka moja kwa moja; zote tatu ni za asili, zote zilipelekwa vitani. Mgeni aliyenunua kumbukumbu ya safari ndiye aliyetaka mawimbi, na fundi akampa alichotaka. Kwa hiyo ukiwekewa mbele krisi iliyonyooka yenye kutu kidogo na nyingine yenye mawimbi mengi yanayometameta, anza kuichunguza ile iliyonyooka.

Sasa njoo shingoni. Pale bapa linapokutana na mpini, chuma hutanuka pande mbili, upande mmoja ukiwa mrefu zaidi, kikawa kinga ya mkono. Kinga hiyo huitwa gangya. Kwenye krisi za zamani ni kipande cha pekee, kimefuliwa mbali kisha kikavishwa kwenye mzizi wa bapa kwa ustadi mkubwa hata kucha haipiti katikati. Kinachoonekana ni mstari mwembamba tu unaokatiza. Kuanzia takribani miaka ya 1930 mafundi wengi waliacha kazi hiyo ngumu wakafua bapa na gangya kwa pamoja, kisha baadhi yao wakachora mstari wa uongo ili macho yasikose walichozoea.

Kuutofautisha mstari wa kweli na wa kuchora hakuhitaji maabara. Chukua lenzi ndogo ya mkononi, ile ya masonara. Mstari wa kweli unazunguka: uufuate upande wa mbele, upite ukingoni, uutokee upande wa nyuma, bila kukatika. Chuma cha upande mmoja mara nyingi kina rangi au mishipa tofauti kidogo na cha upande wa pili, kwa sababu ni vipande viwili vya chuma. Mstari wa kuchora una sakafu. Ukiinamisha upanga kwenye mwanga utaiona sakafu hiyo, kisha utauona mstari ukifa kabla haujafika ukingoni. Nikiwa na dakika moja tu na krisi, dakika hiyo naitumia hapa.

Bado tuko shingoni. Kwenye ule upande mrefu wa gangya pamechongwa umbo linalofanana na mkonga wa tembo uliojikunja, na chini yake kama mdomo ulioachama. Fundi wa zamani aliukata kwa tupa mpaka kona zake zikawa kali na mashimo yakawa na kina. Kazi ya baadaye huwa ya juu juu, kama mtu aliyenakili picha bila kujua anachora nini. Halafu tazama vibanio vya madini, viitwavyo asang-asang, kimoja au viwili, vinavyoshika gangya na kupanda hadi kuingia chini ya pete ya mpini. Hutengenezwa kwa fedha, shaba, chuma, au suasa, mchanganyiko wa dhahabu na shaba nyekundu wenye rangi kama ya machweo. Kibanio halisi kina kazi: kinazuia bapa lisicheze. Kibanio cha bandia kimebandikwa juu tu, na ukikisukuma kwa kidole unakihisi.

Kichwa cha mpini nacho kinaeleza mengi. Sura inayojulikana zaidi ni kakatua, ndege wa jamii ya kasuku mwenye kishungi: mdomo upande mmoja, kishungi upande wa pili. Zipo pia krisi zenye kichwa kifupi kilichokatwa kama kwato la farasi. Mafundi walipenda mti uitwao banati, hasa nundu yake yenye mawimbi ya rangi ndani. Wakubwa walitaka fedha au pembe za ndovu.

Kuhusu pembe za ndovu, msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuhubiriwa. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na mwaka huohuo mkataba wa CITES ukaamua kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Krisi ya karne ya 19 yenye kichwa cha pembe inaweza kuwa nzuri kupita zote mezani, lakini kuivusha mpaka bila kibali ni kuitafutia kesi, na kuuleta mpini wa namna hiyo Nairobi au Dar es Salaam ndani ya begi ni jambo la kuogopwa. Kati ya krisi mbili zinazolingana, chukua ya mti.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kupendekeza krisi kwa anayetaka kujifunza: ina mahali pengi pa kusoma. Mstari, mkonga, vibanio, mzizi, mpini, mishipa ya chuma. Jambo moja likikudanganya, mengine matano yatalikanusha.

Barongi: iamini mkononi kabla ya machoni

Ukiandika jina hili kwenye mtandao utaletewa mashati, kwa maana Wafilipino huita barong pia shati lao la heshima. Silaha ninayoizungumzia ni kisu kikubwa, au upanga mfupi, chenye bapa la umbo la jani: chembamba karibu na mpini, kikavimba katikati, kikamalizika kwa ncha. Kina makali upande mmoja. Ni cha Watausugi, Wasama na Wayakani, watu wa bahari na visiwa, na ufupi wake unaeleweka ukiwaza mapigano ndani ya mashua au kwenye njia nyembamba ya msituni. Barongi nyingi zina bapa la sentimita 30 hadi 45.

Hapa macho hayatoshi. Barongi haina gangya, haina vibanio, haina mkonga. Bapa ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayezoea krisi hujikuta hana pa kushika. Umri na ukweli wake uko kwenye uzito na unene. Mgongo wa barongi ya kweli ni mnene ajabu karibu na mpini, mara nyingi milimita 6 au zaidi, kisha unapungua hatua kwa hatua hadi nchani. Pitisha kidole mgongoni taratibu: kinapaswa kuhisi mteremko safari nzima. Ukikuta unene uleule kutoka shingoni mpaka karibu na ncha, ujue ni bamba la chuma lililokatwa kwa umbo la jani, halikufuliwa. Mashavu ya bapa nayo yamevimba kidogo kama tumbo la samaki kabla ya kukutana kwenye makali. Bamba la kukatwa huwa bapa tambarare lenye makali yaliyosagwa mwishoni kwa mashine.

Shika mpini. Barongi iliyofuliwa kwa vita inajisukuma mbele yenyewe, kwa kuwa uzito uko kwenye lile tumbo la jani, na bado haichoshi mkono. Ile ya kuuzia wageni ama ni nyepesi kama rula, ama ni nzito bila sababu. Jambo hili halionekani kwenye picha, na ndiyo maana sipendi kununua barongi kwa mbali kama muuzaji hatoi vipimo vya unene wa mgongo sehemu tatu: shingoni, katikati, na karibu na ncha. Omba vipimo hivyo. Muuzaji mkweli atachukua kaliba, kile kifaa cha kupimia unene, apime. Asiyetaka kupima amekujibu.

Mpini wa kawaida una bomba la fedha au madini mengine lililozungushiwa nyuzi zilizosukwa, kisha kichwa cha kakatua. Vichwa vingine vina kishungi na mdomo mrefu sana, vimechongwa kwa madaha. Hivyo vilikuwa vya watu wenye cheo, na Watausugi huviita junggayan. Vichwa vidogo visivyo na mapambo vilikuwa vya watu wa kawaida. Sikubaliani na wale wanaovidharau vidogo. Kichwa kidogo cha mti kilichong'aa kwa jasho la miaka, chenye dole gumba lililochimba kibonde chake, kina historia ambayo fedha mpya haiwezi kuinunua.

Ala za barongi ni mbao mbili zilizounganishwa na kufungwa kwa henzirani. Zile za baada ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi zina mwisho uliopinda juu na vipande vya lulumizi. Usishangae pia ukikuta muhuri wa herufi za Kichina kwenye bapa. Jolo, huko Sulu, ilikuwa bandari ya biashara na China kwa karne nyingi, na muhuri huo peke yake hauifanyi barongi kuwa bandia.

Wauzaji hupenda kuipamba barongi kwa hadithi ya bastola. Watakwambia Colt ya mwaka 1911 ilibuniwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyepigwa risasi zote na bado akafika na barongi yake mkononi. Ni kweli wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ufilipino walilalamikia bastola zao ndogo, na ni kweli majaribio ya jeshi hilo ya mwaka 1904 yalipendekeza risasi kubwa ya inchi 0.45. Waspania walimwita mpiganaji wa namna hiyo juramentado, mtu aliyekula kiapo. Watausugi huita tendo lenyewe parang sabil, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno sabil: ni lilelile la fisabilillahi. Lakini hadithi hiyo haikufuliwa ndani ya chuma kilichoko mezani kwako. Kama hakuna maandishi yanayoiunganisha na silaha hii hasa, usiilipie hata shilingi.

Kampilani: nzuri, ndefu, na yenye mitego

Kampilani ndiyo inayomvutia mtu kutoka upande wa pili wa chumba. Jumla ya urefu wake hukaribia mita moja na wakati mwingine huipita. Bapa limenyooka, lina makali upande mmoja, ni jembamba karibu na mpini na linapanuka kadiri linavyokwenda, kisha linakatwa mshazari nchani, ambapo huchomoza kijiba kidogo kama mwiba. Mpini ni panda mbili zilizoachama: wengine huona mdomo wa mamba, wengine joka la baharini. Hupambwa kwa vishada vya nywele.

Kwa nini basi nakwambia ungoje? Kwanza, ndiyo inayoigwa kirahisi zaidi kwa macho. Umbo lake linajulikana mno hata fundi yeyote mwenye bamba jembamba na msumeno anaweza kutoa kitu kinachofanana nayo. Kampilani za kuchezea ngoma na za kuning'iniza ukutani ni nyingi, na zilianza kutengenezwa zamani kiasi kwamba nyingine zimeshapata kutu ya heshima. Bapa jembamba linalopinda kwa uzito wake lenyewe ni dalili ya kwanza. Ya kweli ina mgongo wenye mwili, na upana wake unaoongezeka kuelekea nchani unaambatana na kupungua kwa unene, vinginevyo isingeinulika.

Pili, sehemu zake zilibadilishwa sana. Mpini mrefu wenye panda huvunjika. Ukivunjika ulitengenezwa upya, pengine miaka 80 baada ya bapa. Ala nazo zilikuwa mbao rahisi zilizofungwa kwa kamba chache tu, na inasemekana zilifungwa hivyo makusudi ili mwenye upanga akilazimika apige bila kuchomoa, ukali upasue kamba na mbao zianguke. Kwa hiyo ala za asili zilizobaki ni chache, na kampilani yenye ala nzuri kupita kiasi inapaswa kukupa wasiwasi kabla ya furaha.

Tatu ni jambo la kawaida kabisa: uiweke wapi? Upanga wa mita moja hauingii kwenye droo, na ukutani unakula vumbi, mvuke wa jikoni na mikono ya wageni.

Wapo pia wanaoiuza kwa jina la Magellan, nahodha wa meli za Uhispania aliyeuawa kisiwani Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Pigafetta, aliyekuwapo, aliandika kwamba alijeruhiwa mguuni kwa upanga mkubwa, lakini hakuutaja kwa jina hili, na watu wa Mactan hawakuwa Wamoro. Hakuna kampilani inayopaswa kupandishwa bei kwa kifo hicho.

Nyingine nizitaje haraka. Panabasi, yenye bapa lililojipinda mbele na mpini mrefu uliofungwa henzirani, ni ya Wamagindanao na Wamaranao. Ni adimu, na ukiiona ya kweli utaikumbuka. Gunongi ni jambia dogo, mara nyingi likiwa na sura ya krisi iliyopunguzwa. Ya zamani iliyochakaa inafaa sana kwa mwenye mfuko mdogo, lakini zile zenye mpini mzito wa shaba ya manjano kwa kawaida ni za karne ya 20, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Tena jihadhari na neno "Moro" kwenye kibandiko cha mnada. Wauzaji hulibandika kwenye kila upanga wa Ufilipino, pamoja na talibongi za Wakristo wa Visaya, ambazo ni silaha nzuri za watu wengine.

Maandishi ya Kiarabu: hapa msomaji wetu ana faida

Baadhi ya krisi na barongi zimetiwa maandishi ya herufi za Kiarabu au miraba yenye tarakimu, kama zile za hirizi. Mkusanyaji wa Ohio asiyejua herufi hizo hulipa zaidi akiona michoro tu. Aliyepita chuo cha Kurani utotoni anaweza kuona mara moja kama ni aya, ni jina la Mungu, au ni mikunjo iliyochorwa na mtu asiyejua kusoma, herufi zimeunganishwa pasipoungana na nukta zimetawanywa kama mapambo.

Ila usiharakishe kuhukumu. Watausugi waliandika lugha yao kwa herufi hizo, na Wamaranao na Wamagindanao vivyo hivyo, kama sisi tulivyoandika Kiswahili na bado wapo wanaoandika. Ukisoma herufi vizuri lakini maneno hayakupi maana ya Kiarabu, huenda umekutana na Kitausugi. Andika herufi kama zilivyo, piga picha, tafuta mzungumzaji. Katika miji ya Ghuba, ambako Waswahili na Wafilipino hufanya kazi pamoja, si jambo gumu kumpata mtu wa Jolo au Zamboanga akakusomea jina la babu yake wa mbali.

Baada ya kuinunua

Upesi wa kusafisha umeharibu silaha nyingi kuliko vita. Usiguse jiwe la kunolea, msasa wala tindikali. Ni kweli chuma kilichokunjwa kikitiwa tindikali hutoa mishipa yake, na baadhi ya krisi zina kiini kilichosokotwa kama kamba kinachopendeza mno kikionekana. Lakini hiyo ni kazi ya fundi aliyefanya nyingi. Wewe futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka mafuta membamba ya mashine, futa tena mpaka ubaki unyevu usioonekana. Kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi inadai kazi hiyo kila mwezi. Kwa anayekaa Muscat au Doha adui ni kiyoyozi, kinachokausha mbao za ala mpaka zipasuke; usiiweke chini ya upepo wake.

Mipini mingi imejazwa utomvu wa miti unaoshika mzizi wa bapa. Utomvu huo hulainika kwa joto. Barongi iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani inaweza kutoka mpinini mwake mchana mmoja.

Na namna ya kuichomoa, tafadhali uizingatie: shika ala upande wa mgongo, vidole vyote vikiwa nyuma. Usiizungushie kiganja. Mbao mbili zilizofungwa kwa henzirani ya miaka 120 hazitazuia makali yasitokee kati yake na kukukata.

Kabla ya kuagiza kutoka nje, uliza forodha na polisi wa unakoishi. Kama unanunua kutoka Ufilipino kwenyewe, nchi hiyo ina sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mali za urithi, na kitu cha kale kinahitaji kibali ili kitoke. Muuzaji anayekwambia atakiandika "kifaa cha jikoni" kwenye fomu anakuingiza kwenye wizi.

Ilitoka mkononi mwa nani

Nimesema chagua krisi kwa kusomeka kwake na barongi kwa uhalisi wake. Kuna swali lingine ambalo kwangu linaweza kuyapindua yote hayo.

Uhispania iliikabidhi Ufilipino kwa Marekani mwaka 1898. Mwaka uliofuata Sultani wa Sulu alitia saini mapatano na Jenerali Bates wa Marekani, na Wamarekani wenyewe wakayavunja miaka michache baadaye. Mwezi Machi 1906, kwenye mlima wa volkano wa Bud Dajo kisiwani Jolo, jeshi la Marekani liliua mamia ya Watausugi waliokimbilia huko, wanawake na watoto wakiwemo; makadirio mengi yako kati ya 600 na 1,000. Ipo picha ya askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti. Mwaka 1911 Pershing, gavana wa Kimarekani, akatoa amri ya kuwanyang'anya Wamoro silaha zao, na Juni 1913 yakafuata mauaji ya Bud Bagsak. Sehemu kubwa ya barongi na krisi zilizoko Marekani zilivuka bahari katika miaka hiyo. Nyingine zilinunuliwa sokoni kwa haki, nyingine zilitolewa zawadi, na nyingine ziliokotwa kando ya waliokufa. Karibuni zaidi, mwaka 2017, mapigano ya miezi mitano yaliubomoa mji wa Marawi, kitovu cha Wamaranao, na familia zilizokimbia zilirudi zikakuta hata vitu vya urithi havipo.

Kwa hiyo krisi inayojitokeza sokoni baada ya 2017, ikiwa na ala ya Kimaranao na muuzaji asiyejua imetoka wapi, mimi siigusi, hata ikiwa na mstari wa kweli na mkonga uliochongwa vizuri.

Na zile za zamani? Wakati mwingine utakuta karatasi imebandikwa kwenye ala, au maneno yamechorwa kwa kisu kwenye mbao: jina la mahali, mwaka, herufi mbili tatu za jina la askari. Wapo wanaoibandua karatasi hiyo kwa sababu inachafua ala, na wapo wanaoibandua kwa sababu imeandikwa Bud Dajo na hawataki wageni wao waulize. Usiibandue. Ipige picha pande zote, nakili maneno yake kwa mkono kwenye daftari lako pamoja na tarehe uliyoinunua na uliyeinunua kwake, kisha iache palepale ilipo. Siku jamaa wa Jolo akija kuitafuta, hiyo ndiyo itakayomwonyesha kwamba ni yenyewe.